Mpapai wako hauzai? Usitafute mchawi, chunguza maua

KATIKA mitaa mingi ya Nairobi, kuanzia Kayole hadi Kawangware, mwenye nyumba aliyebahatika kuwa na kipande cha ardhi cha kutosha sukuma wiki mistari miwili, aghalabu huwa pia na mpapai. Mti huu haumgharimu kitu. Watoto wanakula papai lililonunuliwa sokoni, mbegu zinatupwa nyuma ya jikoni pamoja na maganda, mvua inanyesha, na baada ya majuma kadhaa mche umejitokeza wenyewe kando ya ukuta. Watu wa nyumbani huuonea huruma, wakaumwagilia maji yaliyobaki ya kufulia, nao ukakua ukapita paa la mabati.

Kisha kero huanza. Mti unachanua maua tele yenye harufu nzuri ya jioni, lakini mwaka unapita, na wa pili unapita, bila papai hata moja.

Hapo ndipo ushauri humiminika kutoka kila pembe. Wapo wanaosema mti upigiliwe msumari kwenye shina. Wengine hushauri ufungiwe mawe ili uone uzito wa kuzaa, na wengine kwamba ukatwe kichwa. Hawakosekani pia wanaonong'ona kwamba kuna mtu "ameufunga".

Jirani yangu mmoja, mama wa watoto watatu, alipitia mashauri hayo yote. Msumari aliupiga, mawe akayaning'iniza. Alipofika kwenye shauri la nne alikuwa hasemezani na mpangaji wa nyumba ya pili, ambaye aliwahi kuusifu mti huo kupita kiasi. Ugomvi huo haungetulia haraka lau si mzee mmoja auzaye miche kando ya barabara, aliyeingia siku hiyo kuleta mche wa limau, akatazama juu na kuangua kicheko.

"Mama, huyu ni mume," alimwambia. "Utangoja mpaka lini mwanamume ajifungue?"

Maneno hayo ya mzaha yana elimu nyingi ndani yake, na ni elimu ambayo wengi wetu tuliifundishwa darasani, tukaichora kwenye daftari, tukaipita katika mtihani, kisha tukaisahau pale pale mlangoni.

Dume, jike na yule wa tatu

Mimea mingi yenye maua huwa na sehemu za kiume na za kike ndani ya ua lile lile. Mwanafunzi akipasua ua la nyanya ataziona zote mbili. Kuna vijiti vinavyobeba unga wa manjano uitwao chavua, ambao ndani yake mmo mbegu za kiume. Katikati kuna kijungu kidogo, ovari, chenye vijiyai ndani yake, na juu ya kijungu hicho kuna shingo nyembamba ambayo ncha yake hunata ili chavua ikitua isianguke. Mimea mingine, kama vile mahindi na maboga, hutenganisha maua ya kiume na ya kike lakini huyaweka katika mmea mmoja.

Mpapai umekwenda mbali zaidi. Wenyewe una miti ya aina tatu.

Wa kwanza ni jike. Maua yake ni makubwa, hukaa karibu kabisa na shina, moja moja au mawili matatu, na ukilifungua moja utaona ndani kitu cha mviringo mfano wa kijiyai. Hicho ndicho kitakachokuwa papai, tena papai la mviringo. Wa pili ni dume. Maua yake ni madogo, membamba kama tarumbeta za kuchezea, nayo huning'inia mengi mengi kwenye vikonyo virefu vyenye matawi, vikonyo ambavyo huweza kufika urefu wa mkono wa mtu mzima. Ndani yake hamna kijiyai. Wa tatu hujitosheleza, kwa kuwa kila ua lake lina sehemu zote mbili, na matunda yake huwa marefu, yale ambayo maduka makubwa ya mjini hupenda kuyauza kwa sababu hupangika vizuri.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kabla ya kuchanua, hakuna mkulima anayeweza kuitofautisha miche hiyo kwa macho. Siri imo ndani ya chembechembe za mmea. Katika mwaka wa 2004 wanasayansi walitangaza kwamba mpapai una kromosomu Y inayoamua jinsia, karibu vile ambavyo huamuliwa kwa binadamu. Mbegu zilizotokana na jike lililopata chavua ya dume hugawika nusu kwa nusu. Ni sawa na kurusha shilingi hewani. Familia iliyootesha mche mmoja tu nyuma ya jikoni imerusha shilingi mara moja, na haifai kumlaumu jirani ikiwa imeangukia upande usiotakikana.

Na msumari je? Mbona kuna watu wanaoapa kwamba waliupiga na mti ukazaa? Huenda hawasemi uongo. Mpapai dume si mwaminifu sana kwa jinsia yake. Hali ya hewa inapobadilika, au mti unapoumia, baadhi ya madume huanza kutoa maua machache yenye ovari, na mapapai madogo yakaonekana yakining'inia kwenye vile vikonyo virefu. Mwenye nyundo hujichukulia sifa. Hata hivyo mapapai hayo huwa machache, na mti unaweza kurudia hali yake ya zamani wakati wowote. Jike lenyewe halina kigeugeu hicho.

Washenga wa usiku

Tuseme basi una jike, tena zuri. Bado halitazaa vyema bila chavua, na chavua haina miguu. Lazima pawe na mshenga.

Katika maua mengi mshenga huyo ni nyuki. Katika maua ya pasheni ni wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa, ambao watu wengi huwaua kwa kuwadhania ni wadudu wa hasara tu. Kwa mpapai kazi hii hufanywa zaidi na nondo, wale jamaa za kipepeo warukao jua likitua. Ndiyo sababu harufu ya maua ya mpapai hupanda jioni.

Sikiliza sasa ujanja wenyewe. Ua la dume lina nekta, yaani yale maji matamu ambayo mdudu huyafuata. Ua la jike halina chochote. Linafanana tu na la dume kwa weupe na harufu, na nondo, katika giza la magharibi na haraka zake za kuruka, hulitembelea kwa kukosea. Akiwa amejipaka chavua usoni anaingiza ulimi wake, hapati kitu, anaondoka. Lakini ua limekwisha pata lilichokitaka. Kwa hivyo papai tamu unalolikata asubuhi limetokana na udanganyifu mtupu, na mpaka leo haonekani nondo aliyeshtaki.

Mwanasayansi Mkenya, Dino Martins, ambaye amewachunguza wadudu hawa katika mashamba ya Bonde la Kerio, alionyesha kuwa wachavushaji wakuu wa mipapai huko ni nondo wakubwa wenye kasi, ambao ulimi wao mrefu hujikunja kama springi. Aligundua pia kwamba mashamba yaliyo karibu na vichaka vya asili hutembelewa zaidi. Sababu yake si ngumu kuiona, kwani kiwavi wa nondo hali papai, hula majani ya mimea ya porini. Mtu anayefyeka kila kichaka kilichozunguka shamba lake, kisha akapulizia dawa kila kinachotambaa, amewafukuza washenga wake mwenyewe, na maua yatadondoka jinsi yalivyochanua.

Pale ambapo mshenga hayuko, binadamu anaweza kuichukua kazi hiyo. Wakulima wa mitende katika nchi kama Oman na Iraki wamekuwa wakipanda juu ya mitende ya kike na kuipaka chavua ya madume tangu zama za kale sana, kwa sababu mtende nao una dume na jike mbalimbali. Vanila ina kisa cha ajabu zaidi. Asili yake ni Meksiko na nchi jirani, na ilipoletwa katika visiwa vya Bahari ya Hindi ilichanua miaka nenda miaka rudi bila kuzaa. Katika mwaka wa 1841, katika kisiwa cha Réunion, kijana mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond Albius alionyesha jinsi ya kuinua kwa kijiti kile kiwambo kinachoitenga sehemu ya kiume na ya kike, kisha kuzigusanisha kwa kidole gumba. Njia ya kijana huyo ndiyo inayotumika hadi leo huko Madagaska na Uganda, ua moja kwa moja, kwa mkono. Utajiri uliotokana na kidole chake haukumfikia, kwani alifariki maskini mwaka wa 1880.

Mwenye mpapai jike mjini anaweza kufanya vivyo hivyo. Chuma ua la dume lililofunguka, ondoa petali zake, kisha ligusishe kwenye ncha yenye kunata ya ua la jike. Ni kazi ya dakika moja, na watoto huifurahia.

Ndoa mbili katika ua moja

Chavua inapotua kwenye ncha ya ua, mambo ndiyo kwanza yanaanza. Punje hiyo, ambayo ni ndogo mno, hufyonza unyevu na kuota. Hutoa mrija mwembamba unaochimba njia kupitia shingoni mwa ua hadi kwenye ovari, ukitafuta kijiyai. Ndani ya mrija husafiri mbegu mbili za kiume.

Kwa muda mrefu wataalamu walidhani ni moja tu yenye kazi. Ilikuwa mwaka wa 1898 ambapo mtaalamu wa mimea aitwaye Sergei Nawaschin, aliyekuwa akifanya kazi mjini Kiev, alipoona kwamba zote mbili huoa. Ya kwanza huungana na yai na kuwa kiinitete, yaani mtoto wa mmea. Ya pili huungana na chembe nyingine iliyo kando, na muungano huo haumzai mtoto, bali humtengenezea chakula cha safari.

Sasa fikiria ugali wako. Sehemu kubwa ya punje ya hindi, ile nyeupe tunayoisaga, ni chakula hicho kilichotokana na ndoa ya pili. Ngano ya chapati ni hivyo hivyo, na mchele vile vile. Ama kwa hakika binadamu ameishi kwa kula posho aliyowekewa mtoto wa mtu mwingine.

Ndugu zetu wa Pwani wamelijua jambo hili kwa karibu zaidi, hata kama hawakulipa jina la kisayansi, kwa kuwa mnazi ndio mmea unaomwekea mwanawe posho ya majimaji. Wao wana majina ya kila umri wa tunda hilo: huanza kidaka, likawa kitale, likawa dafu, likawa koroma, mwisho likawa nazi. Maji ya dafu tunayoyanywa tukiwa ufuoni ni ile ile posho ya mtoto wa mnazi kabla haijaganda. Kadiri siku zinavyokwenda hujijenga ukutani ikawa nyama laini, kisha nyama ngumu ya kukunwa kwa mbuzi.

Wakati hayo yakiendelea ndani, nje ua linanyauka. Petali zinadondoka, kwani hazina tena wa kumvutia. Ovari inaanza kuvimba, na kuta zake ndizo zitakazokuwa nyama ya tunda. Vijiyai vinakuwa mbegu. Kwa maana hiyo, kwa mtaalamu wa mimea, nyanya ni tunda, bilingani ni tunda, boga ni tunda, na hata ganda la haragwe ni tunda. Mama mboga ana mpangilio wake mwingine, na sokoni wake ndio unaofuatwa.

Mbegu zinazokua ndizo huiamuru ovari inenepe. Papai moja laweza kuwa na mamia ya mbegu, na kila moja ilihitaji punje yake ya chavua. Zikifika chache, tunda huwa dogo au likapinda upande mmoja. Ukinunua tango lililojikunja kama ndoano, kisha ukalipasua, mara nyingi utakuta upande uliodumaa una mbegu changa zisizojaa. Ndizi ni kisa cha pekee, kwani hizi tunazokula hunenepa bila chavua na bila mbegu za kuota, ndiyo maana shambani hupandwa machipukizi.

Ndevu za mahindi

Wakazi wa mijini hupenda kupanda mahindi popote penye udongo, hata ukanda wa mita moja kando ya reli. Baadaye hulalamika kwamba mahindi yao yana mapengo kama kinywa cha mtoto wa miaka saba.

Kile kishungi kilicho juu kabisa ya mhindi ndicho sehemu ya kiume, nacho hutoa punje za chavua kwa mamilioni. Hindi lenyewe, kule chini, ndilo la kike. Zile ndevu tunazozitupa tunapomenya si pambo. Kila unywele mmoja umeungana na punje moja. Chavua ikitua juu ya unywele, mrija wake husafiri ndani yake mpaka chini, safari ya siku moja hivi, ndipo punje ipatikane. Unywele uliokosa chavua huacha pengo.

Mshenga wa mahindi ni upepo, nao huenda utakako. Ukipanda mstari mmoja mrefu, chavua nyingi hupeperukia barabarani. Panda idadi ile ile ya mbegu katika mistari minne mifupi iliyo pamoja, na mahindi yatajaa vizuri zaidi bila kuongeza senti hata moja ya mbolea. Kiangazi nacho huleta hasara kwa njia hii hii, kwa kuwa mhindi ukiwa na kiu huchelewesha kutoa ndevu mpaka chavua imekwisha kudondoka.

Na ukiwahi kukuta punje za manjano katikati ya hindi jeupe, ujue jirani wa upande ule alipanda ya manjano. Punje za hindi moja ni watoto wa mama mmoja lakini baba zao waweza kuwa mbalimbali, wala hindi halioni aibu.

Mbegu si fotokopi

Hapa ndipo pesa za watu hupotea. Kwa kuwa mbegu ina baba na mama, haiwezi kuwa nakala ya tunda ililotoka. Ni mtoto, na watoto huchanganya damu.

Chukua avokado aina ya Hass, ile yenye ganda la mabaka linalogeuka jeusi, ambayo wakulima wa Murang'a huiuza ng'ambo. Ilitokana na mbegu moja iliyopandwa katika miaka ya 1920 huko California na tarishi aitwaye Rudolph Hass. Mti uliotokea haukufanana na miti mingine, naye akauandikisha kwa jina lake mwaka wa 1935. Mti huo mama ulikauka na kukatwa mwaka wa 2002. Lakini kila mti wa Hass ulio duniani leo ni kitawi cha ule mmoja, kilichopandikizwa juu ya shina la avokado nyingine, kikakatwa tena na kupandikizwa tena.

Sasa mtu anakula Hass tamu, anaiweka kokwa yake kwenye gilasi ya maji dirishani, inachipua, anaipeleka mashambani kwa wazazi. Si vibaya, na kwa watoto ni somo zuri. Lakini familia iliyotenga nusu ekari kwa kokwa za namna hiyo itangoja miaka saba au zaidi, kisha ipate matunda ambayo huenda mnunuzi asiyataka. Mche uliopandikizwa huanza kuzaa kwa miaka mitatu hivi, na tunda lake lajulikana. Unaponunua mche, tazama pale chini shinani uone kovu la kuunganishwa. Wauzaji wengine humuuzia mteja mche wa kokwa kwa bei ya uliopandikizwa, na ukweli haujulikani mpaka mtoto aliyekuwa chekechea amalize shule ya msingi.

Avokado ina vituko vingine pia. Kila ua hufunguka mara mbili. Ua la Hass hufunguka asubuhi likiwa jike, likajifunga, kisha kesho yake alasiri likafunguka likiwa dume. Aina ya Fuerte, ile ya ganda la kijani, hufuata zamu ya kinyume: huwa jike alasiri, na asubuhi ifuatayo dume. Wakulima wanaopanda chache za Fuerte kati ya Hass wamezioanisha zamu hizo. Mti ulio pekee huzaa pia, hasa baridi inapozivuruga saa zake, lakini wenye mwenzake na mzinga wa nyuki karibu huzaa zaidi.

Mahindi ya haibridi yana hesabu hiyo hiyo. Tangu aina ya 611 ilipotolewa Kitale mwaka wa 1964, wazazi wetu wamekuwa wakiambiwa wasirudie kupanda punje walizovuna, na wengi wamedhani ni njama ya wauza mbegu. Faida ya biashara ipo, hilo sikatai. Lakini haibridi ni mtoto wa wazazi waliochaguliwa kwa makusudi, na nguvu zake ni za kizazi hicho kimoja. Wajukuu hutofautiana, huyu mrefu, huyu mfupi, na mavuno hupungua.

Kuamka kwa mbegu

Mbegu kavu huonekana kama kitu kilichokufa, kumbe imelala tu. Inachohitaji ni maji, hewa na joto la kadiri. Jaribuni nyumbani Jumapili hii: viringisheni karatasi ya shashi ndani ya gilasi, bandikeni maharagwe kati ya karatasi na kioo, kisha tieni maji kidogo chini. Maji yakiingia, ganda hupasuka na mzizi hutoka kwanza, hata kama haragwe limewekwa kichwa chini, nao hujipinda na kuelekea ardhini. Haragwe huinua vipande vyake viwili vya chakula juu ya udongo, ilhali hindi huacha chakula chake kule kule chini. Gilasi nyingine ijazeni maji mpaka juu. Maharagwe ya humo yatafura, yatoe povu, kisha yaoze, kwani yamekosa hewa. Hilo ndilo linalozipata mbegu katika shamba lililotuama maji.

Nazi haina haraka. Miezi hupita kabla chipukizi halijapenya kupitia jicho moja laini kati ya matatu yaliyo kwenye kifuu. Ukiipasua wakati huo utakuta maji yamekwisha na mahali pake pamejaa joya, kitu cheupe kama sifongo, ambacho ndicho kinywa cha mtoto anayenyonya posho yake.

Mbegu nyingine husinzia mno. Katika ngome ya kale ya Masada, Israeli, wachimbaji walikuta mbegu za tende za miaka karibu 2,000. Moja ilipandwa mwaka wa 2005 na ikaota, ikapewa jina la Methusela. Ulimwengu mzima ulingoja kuonja tende za zama zile. Mti ulipochanua, ikaonekana ni dume! Iliwabidi waoteshe mbegu nyingine za kale mpaka wapate jike, nalo likapakwa chavua ya Methusela na kuzaa tende mwaka wa 2020.

Kwa mpapai hutangoja hivyo. Mbegu yake imefunikwa kwa utando wa ute, na utando huo huizuia kuota ikiwa bado ndani ya tunda. Zisugueni mbegu kwenye chujio chini ya mfereji mpaka utando utoke, muzianike kivulini, kisha mzipande katika pakiti za maziwa zilizotobolewa chini, kina cha kucha ya kidole. Zitatokeza baada ya wiki mbili hadi nne, na katika baridi ya Julai ya Nairobi zaweza kupita hapo.

Mwenye nafasi na apande miche mitatu au minne katika kila shimo, mahali pasipotuama maji, na angoje maua, ambayo huanza miezi sita hivi baada ya kuhamishwa, au zaidi kwenye baridi. Hapo akague vikonyo na kung'oa madume yasiyohitajika, akiacha moja kwa kila majike kumi hadi ishirini. Mwenye nafasi ya mti mmoja tu achague mbegu za papai refu. Ikiwa ua lake lilijichavusha lenyewe, bila dume kuingilia, theluthi mbili za mbegu zake hutoa miti inayojitosheleza na theluthi moja majike, na hakuna dume hata moja.